Mangi Meli hakuwa akida

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lenu na kunyamaza, hata siku ile mlipouhamishia mlima wetu Kilimanjaro Arusha. Safari hii nimeshindwa. Katika ile habari ya watalii wanaopelekwa Old Moshi kuonyeshwa mti alikonyongewa Mangi Meli, mwandishi wenu amemwita marehemu "akida wa Wachagga", na neno hilohilo mkalirudia chini ya picha ili asiwepo wa kulikosa.

Mangi ni mtawala wa jadi wa Wachagga, si akida. Kule pwani, akida kabla ya wakoloni alikuwa mkuu wa askari. Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuja wakamfanya mtumishi wao: wakampa eneo, wakampa majumbe chini yake, akawa wa kukusanya kodi na kuchapa watu viboko. Waulizeni watu wa kusini, Vita vya Majimaji vya 1905 vilikuwa na mengi ya kusema kuhusu maakida. Liwali naye ni mwingine kabisa, mkubwa wa mji wa pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, msije mkamleta huku mlimani wiki ijayo. Huku Wadachi walitawala kwa kupitia mamangi, na chini ya mangi walikuwapo wachili, wakuu wa mitaa. Sasa Meli, mwana wa Rindi, alipigana nao mwaka 1892 akawashinda, na kiongozi wao von Bülow akafia vitani. Wakarudi na nguvu zaidi. Machi 2, 1900 wakamnyonga, na ukoo wake umehangaika miaka na miaka kulitafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Mtu wa namna hiyo mkimwita akida mnamvisha sare ya waliomnyonga. Hilo lilimpita mwandishi, likampita msanifu wa kurasa, likakupita na wewe Mhariri?

Najua mtasema ni maneno ya kizamani, nani anayajali. Mimi yamenigharimu fedha. Baba yangu alirudi kutoka vitani Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, akiwa ombasha, yaani koplo wa leo. Cheo hicho ni cha Kituruki, kililetwa nchini na askari wa Kisudani ambao Mjerumani Wissmann aliwaandikisha kule Misri mwaka 1889, pamoja na shaushi ambaye ni sajini, na efendi aliyekuwa juu yao. Kwenye cheti chake cha ndoa padri aliandika cheo kwanza, jina baadaye, kwa heshima. Basi mtoto wa mdogo wangu akaenda ofisi moja hapa mjini kushughulikia kitambulisho, akaulizwa jina la babu, akatoa kile cheti. Kijana wa dirishani akasoma neno la kwanza, akabofya. Leo mpwa wa watu anaitwa Ombasha! Kwenye kitambulisho, benki, kwenye laini ya simu, Ombasha. Nilipokwenda mwenyewe kueleza kwamba hicho ni cheo, nikaulizwa, "Mzee, una uthibitisho?" Nikamwambia amuulize askari yeyote mzee. Akasema mfumo haumuulizi askari mzee. Nikatakiwa niende kwa wakili, nile kiapo kwamba ombasha si jina la mtu, nilipie muhuri, nirudi. Nikaenda. Wakili naye, msomi wa chuo kikuu, akaniuliza ombasha ni kabila gani.

Na wakati vyeo vya kweli vinafukiwa, vya bandia vinaota kila kona. Siku hizi Moshi nzima ni waheshimiwa. Harusini mshereheshaji anamaliza saa nzima akitambulisha mheshimiwa diwani, mheshimiwa aliyekuwa diwani, na mheshimiwa anayetarajia kuwa diwani, huku pilau inapoa. Dereva wa bodaboda ananiita kamanda, muuza vocha ananiita chifu. Machifu walifutiwa madaraka mwaka 1963, kijana, na mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu.

Hata nyinyi wenyewe hamko mbali na huyo wa vocha. Mwaka huu mmemwita Mkuu wa Majeshi "Amiri Jeshi Mkuu", na hilo halina ukale wowote: Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, imo kwenye Katiba. Mrakibu wa Polisi mnamfanya mkaguzi, luteni usu mnampandisha kuwa luteni bila hata kumpa nyota yake ya pili. Yote haya katika mji wenye chuo cha polisi, na chuo cha maafisa wa jeshi kiko hapo Monduli, mwendo wa saa chache kwa basi.

Pendekezo langu ni hili. Tafuteni sajinitaji mmoja mstaafu, mkali, asiye na kazi. Mpeni meza karibu na mlango, chai ya maziwa na chapati mbili kila Alhamisi, na kalamu nyekundu. Kurasa zote zenye cheo cha mtu zipitie kwake kabla ya kwenda mtamboni. Mwandishi atakayekosea asipigwe wala asikatwe mshahara, apandishwe Old Moshi kwa miguu akawaeleze wazee wa huko, ana kwa ana, akida wao alikuwa nani. Nauli ya kurudi nitamlipia mimi, kama atarudi.

Mwalimu mstaafu,
Kiborloni, Moshi