Taa ya UV haichukui nafasi ya kubadilisha maji

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi taa za UV, yaani za miale ya urujuanimno, za kwenye matangi ya samaki nyumbani, manake naona watu wanauziwa kama dawa ya kila kitu, maji yakichafuka weka UV, samaki akiumwa weka UV, halafu samaki wanakufa na mtu analalamika taa ni feki wakati taa ya watu haina kosa lolote.

UV inaua vidudu vinavyoelea kwenye maji pale maji yanapopita karibu na taa, basi. Miale yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 254 hivi na inaharibu DNA ya kidudu kiasi kwamba hakiwezi tena kuzaliana. Ndo maana maji yakigeuka kijani tangi zima kwa mwani unaoelea hapo UV ni kiboko, siku chache tu unaona mpaka nyuma ya tangi. Ila mwani uliong'ang'ania kwenye kioo na kwenye mawe utaukuta palepale, huo usugue kwa mkono. Amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, nayo taa haiipunguzi, hiyo ni kazi ya bakteria wazuri wa kwenye filta, na nitreti inayobaki mwishoni bakteria wakishaigeuza amonia, hiyo lazima ubadilishe maji au uwe na mimea ya kutosha. Na nyie mnaoogopa UV itawaua hao bakteria wazuri msiwe na wasiwasi, wengi wao wamejishikiza kwenye sponji na changarawe, hawafiki kwenye taa.

Kinachoniuma zaidi ni ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake kikishajichimbia kwenye ngozi ya samaki miale haikifikii, kikidondoka chini kinajifungia kwenye gamba na kugawanyika, kwa hiyo taa inawapata wale wachanga tu wakati wanaogelea kutafuta samaki, na hata hao ni mpaka pampu iwavute. UV inapunguza maambukizi, sawa, lakini samaki ambaye tayari ana madoa anahitaji matibabu, tena ukiweka dawa zima taa kwanza, kuna dawa zinavunjwavunjwa na hiyo miale zisifanye kazi. Mtu anaweka dawa huku taa inawaka, samaki anazidi kuisha, inasikitisha sana.

Halafu pampu. Wengi wanafunga pampu kubwa wakidhani maji yakienda mbio ndo yanasafishika haraka, kumbe yakipita mbio vidudu vinapata miale kidogo sana vinatoka vizima. Vimelea vya magonjwa vinataka dozi kubwa kuliko mwani, kwa hiyo kama lengo lako ni magonjwa punguza mwendo wa maji, soma kipimo kilichoandikwa kwenye kifaa chako. Na taa ikae baada ya filta, maji yenye uchafu yanazuia miale.

Ndani ya kifaa kuna bomba la kioo cha kwatzi linalofunika balbu. Chomoa umeme, lifungue ulitazame, utakuta utando wa kahawia unaoteleza, na kama maji yako ni magumu kuna chokaa nyeupe imeganda juu yake, sasa miale itapita wapi hapo? Loweka kwenye siki, futa na kitambaa laini, suuza, rudisha taratibu manake linavunjika kirahisi. Balbu yenyewe inaendelea kuwaka bluu hata nguvu ya UV ikishashuka kabisa, huo mwanga wa bluu unadanganya watu wengi mno. Balbu nyingi za kawaida zinapangiwa kubadilishwa baada ya masaa 8,000 hivi, yaani kama miezi 11 ukiwasha usiku na mchana.

Na jamani msiwashe balbu ikiwa nje ya kasha lake eti muone kama inafanya kazi, inaunguza macho na ngozi, na maumivu ya macho yanakuja masaa kadhaa baadae. Balbu nyingi zina zebaki pia, kwa hiyo iliyokufa msiivunje wala msiitupe na takataka za jikoni.

Wauzaji nawaomba kitu kimoja, mteja akija anataka UV muulizeni kwanza tangi lake lina shida gani, na kama ni amonia mwambieni ukweli hata kama hatanunua.

Mfugaji wa samaki wa tangi