Kabla hujawajibu Wajerumani

Mombasa, Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Salim,

Salamu sana. Huku sote wazima. Mama akuombea dua kila alfajiri, na bado auliza kama huko wapata samaki. Nimemwambia Setúbal ya huko Ureno ni mji wa wavuvi, akatulia kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wataka ushauri juu ya kazi ya Ujerumani: mshahara maradufu, lakini hapo wamekuzoea na msimamizi akuita kwa jina lako. Mambo ya kuchomelea meli siyajui. Ila tangu uliponiandikia kwamba uko Setúbal, Rashidi Yekini, yule mshambuliaji wa Nigeria, hanitoki akilini.

Wamkumbuka? Juni 1994, usiku wa manane, tumejibana kwa baba yako mdogo, televisheni tumeizima sauti tusiamshe watoto. Finidi George, winga wao, achanja mbuga upande wa kulia, apiga krosi, Yekini amalizia. Bao la kwanza kabisa la Nigeria kwenye Kombe la Dunia! Jamaa akaingia golini, akapenyeza mikono kwenye nyavu na kuzikamata, huku akilia kama aliyefiwa. Wewe ukapiga ukelele, nyumba nzima ikaamka. Bulgaria walikula tatu bila, sisi tukala makofi.

Basi watu wengi wamjua kwa nyavu zile tu. Lakini Yekini ni mtu wa hapo hapo ulipo. Alitoka Africa Sports ya Abidjan mwaka 1990 akaingia Vitória, klabu ya hapo Setúbal, na msimu huohuo wa kwanza timu ikashuka daraja. Mwengine angefunga mizigo. Yeye akabaki, akasota daraja la pili misimu miwili, wakapanda 1993, na msimu uliofuata akapachika mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi nzima ya Ureno, ambako Benfica na Porto ndio wenye ubwana wao. Mwaka 1993 akawa Mnigeria wa kwanza kutawazwa Mwanasoka Bora wa Afrika. Akiwa Setúbal, bwana, si Milan!

Baada ya lile Kombe la Dunia la Marekani, Olympiacos ya Ugiriki ikamchukua. Klabu kubwa, pesa nene. Hakudumu: majeraha, na kutoelewana na wenzake. Gijón kule Uhispania nako hakukunyooka. Mwaka 1997 akarudi Setúbal kwa muda mfupi, lakini umri ulishamtupa mkono. Kisha Zürich, Tunisia, Saudia, leo hapa kesho pale. Miaka ya mwisho aliishi Ibadan kwa kujitenga, na 4 Mei 2012 akafariki, ana miaka 48 tu. Mtu mwenye kifua kama mlango wa Lamu! Siku ile sikufungua duka.

Sisemi Ugiriki ndiyo iliyomharibia. Majeraha hayana mwenyewe. Na wewe una watoto wa kusomesha, yeye hesabu zake zilikuwa nyengine.

Lakini nifanyie jambo moja kabla hujawajibu Wajerumani. Nenda uwanja wa Bonfim siku ya mechi, mtafute mzee yeyote mwenye skafu ya kijani na nyeupe, umtajie jina la Yekini. Kireno chako kibovu kitatosha. Kisha niandikie alivyogeuka uso.

Ndugu yako,
Athmani