Kabla ya kumeza dawa ya kufungua mishipa, pima presha ukiwa umesimama

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumzie jambo linaloonekana zaidi kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Arusha na Moshi. Watu wenye ganzi miguuni, vidole vinavyokufa kwa baridi au uchovu usioisha tangu waugue Uviko wanafika kwenye dirisha la famasi kuomba "dawa ya kufungua mishipa". Anayenyimwa huku anavuka barabara. Wengine wanaanza na unga wa bitiruti na vidonge vya L-ajinini (kirutubisho cha kutanua mishipa) vya mawakala, wanapanda hadi nifedipini waliyomegewa na jirani mwenye presha, mwisho sildenafili, ile ya nguvu za kiume, na dozi kila mtu anajipangia.

Hatuwalaumu. Mtu aliyeambiwa vipimo vyake vyote ni safi, na bado hawezi kumaliza ngazi, lazima atafute. Tatizo ni kwamba mishipa haifunguki pale tu unapopataka. Kidonge kinatanua mishipa ya mwili mzima, presha inashuka, na moyo unakimbia kufidia. Ukiwa na mshipa wa mguu ulioziba kwa mafuta, mishipa mizima ndiyo inayotanuka zaidi na kuvuta damu, na sehemu yenye shida inaweza kupata kidogo kuliko mwanzo.

Ndiyo maana tunasisitiza presha ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, na si ile ya kukaa tu. Lala dakika 5, pima presha na mapigo ya moyo. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo kuna presha ya kushuka wakati wa kusimama, na dawa ya kutanua mishipa inaweza kukuangusha bafuni. Kama presha haishuki, endelea kusimama na kuhesabu mapigo hadi dakika 10. Kwa mtu mzima, yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko, huku kichwa kikiwa chepesi, huenda damu inatuama miguuni. Hali hiyo si ngeni kwa wenye uchovu wa baada ya Uviko, na kuwatanua mishipa ni kuwaongezea shida waliyokuja nayo. Mkanda wa kipimo uwe saizi ya mkono, maana mdogo unasoma juu kuliko ukweli. Kahawa isinywewe nusu saa kabla (tunajua tunasema haya kwa watu wa Moshi).

Ganzi nayo mara nyingi haihusiani na mshipa wa damu kuwa mwembamba. Ya kisukari inatokana na mishipa ya fahamu kuharibika. Aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi anaweza pia kupungukiwa vitamini B12, na ganzi yake ikawa ileile. Huyo anahitaji kupimwa B12 na sukari, na nifedipini haitamsaidia kitu.

Wapo wanaosaidika kweli. Vidole vinavyogeuka vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vikipata joto, ni mishipa inayojikaza, na nifedipini ya kuyeyuka polepole, kwa dozi ndogo aliyoandika daktari, inapunguza hali hiyo. Kwanza lakini angalia unachomeza tayari: propranololi na atenololi za presha, egotamini ya kipandauso, dawa za mafua zenye sudoefedrini. Zote zinaweza kukaza mishipa ya vidole, na sigara vilevile. Ukiona vidonda kwenye ncha za vidole, ngozi kukakamaa au viungo kuuma, nenda hospitali ya KCMC au ya Mount Meru ukachunguzwe, kwa sababu lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) na magonjwa ya jamii hiyo huanza hivyo.

Mambo huharibika kwenye nifedipini kwa njia zilezile. Kidonge chenye herufi SR, ER au XL kikipondwa au kutafunwa, dozi ya saa nyingi inaingia kwa mkupuo. Kapsuli ya kawaida ikipasuliwa chini ya ulimi, presha inaporomoka ghafla kiasi cha kuleta kiharusi au shambulio la moyo, na bado kuna watu wanafundishana njia hiyo. Balungi linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa hii, kwa hiyo glasi moja ya asubuhi inaweza kuipandisha kwenye damu. Halafu kuna vifundo vya miguu kuvimba. Mgonjwa akiviona anakimbilia frusemidi, lakini uvimbe huo ni maji yaliyovuja kutoka mishipa midogo iliyotanuliwa, si maji yaliyozidi mwilini. Frusemidi inamkojoza sana, potasiamu inashuka, misuli inabana, na vifundo viko palepale. Kinachotakiwa ni kurudi kwa daktari, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Sildenafili ndiyo inayotunyima usingizi. Mtu anayetumia nitrati za maumivu ya kifua, yaani nitroglisirini ya chini ya ulimi au isosobaidi, asiiguse kabisa. Zote mbili zinasukuma njia moja ya kulegeza mshipa, na zikikutana presha inaweza kushuka hadi kuua. Ndiyo sababu aliyemeza sildenafili akapata maumivu ya kifua lazima awaambie wauguzi bila aibu: hapewi nitrati mpaka saa 24 zipite, na kwa tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo, saa 48. Mzee anayetumia tamsulosini au prazosini ya tezi dume akiongeza sildenafili anaweza kuzimia. Aliye kwenye ARV zenye ritonaviri, kama zile za atazanaviri, sildenafili inarundikana kwenye damu yake; kwake kikomo ni miligramu 25 ndani ya saa 48, na kwa kibali cha daktari wake. Unga wa nguvu za kiume usio na lebo usiuhesabu kuwa majani tu, kwa sababu bidhaa za aina hiyo zimekutwa na sildenafili katika nchi nyingi.

Kuna chanzo kingine ambacho ni cha kwetu. Watalii wakishuka Kilimanjaro wanawaachia wapagazi na waongozaji dawa zilizobaki, na ndani yake mna nifedipini na sildenafili zilizobebwa kwa ajili ya maji kujaa mapafuni kwenye mwinuko. Zinafika nyumbani bila boksi wala karatasi ya maelezo, zikapewa bibi mwenye miguu ya baridi.

Virutubisho havitutishi hivyo, ila navyo vina mipaka. L-ajinini nyingi inavunjwa na utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006 uliwapa waliotoka kupata shambulio la moyo gramu 3 mara tatu kwa siku. 6 walikufa upande wa L-ajinini, hakuna aliyekufa upande wa waliopewa kidonge kisicho na dawa, na utafiti ukasimamishwa. Bitiruti inashusha presha kidogo, ikitegemea bakteria wa mdomoni, hivyo anayesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu anapoteza faida. Mwenye mawe ya figo aiogope kwa oksalati yake, inayochangia mawe hayo. Choya nayo inashusha presha kidogo, kwa hiyo ihesabiwe pamoja na vidonge.

Ambaye daktari amemruhusu kujaribu, aanze kitu kimoja tu, siku ambayo yuko nyumbani na mtu mwingine, si siku ya kuendesha bodaboda. Aandike presha ya kulala na ya kusimama asubuhi na jioni kwa wiki 2. Akizimia, kifua kikiuma au mapigo yakikataa kutulia, aende hospitali na karatasi hiyo pamoja na pakiti ya dawa.

Wenzetu wa famasi na maduka ya dawa muhimu, hizi ni dawa za cheti. Hata cheti kikiwepo, muulize mteja kuhusu dawa za maumivu ya kifua, za tezi dume na ARV, na mpimeni kabla hamjampa. Namba ya juu ikiwa chini ya 100, mrudisheni kwa aliyemwandikia, hata kama ameshatoa hela.

Wafamasia wawili,
Moshi