Mwendesha baiskeli anayebanwa na kifua apimwe mapafu

Mhariri,

Kila kiangazi kinapoingia na barabara za vumbi kukauka, waendesha baiskeli wengi huanza kukohoa. Mtu anamaliza mbio au mazoezi mazito, anashuka, anakaa kando, na badala ya pumzi kurudi taratibu, kifua ndiyo kwanza kinaanza kubana. Wenzake humpa maji na kumwambia ni vumbi tu, litatoka. Kocha naye humwambia pumzi yake bado, aongeze mazoezi. Naomba nafasi katika ukurasa wako niyapinge majibu yote mawili. Nafundisha vijana kuendesha baiskeli, na inaniuma kuona wenye vipaji wakiuacha mchezo kwa tatizo linalopimika na kutibika.

Tuanze na vumbi lenyewe. Mtu aliyekaa ametulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akinyonga kwa nguvu kupanda mlima, kiasi hicho hupita lita 100, na kwa wanamichezo waliokomaa hufika 150 na zaidi. Maana yake, dakika moja ya kunyonga kwa nguvu ndani ya vumbi humwingizia mtu hewa ambayo aliyekaa kando ya barabara hiyo hiyo angeivuta kwa takriban robo saa. Tena hewa hiyo haipiti puani. Pua ina vinyweleo na ute wa kunasa uchafu, na huipasha hewa joto na kuipa unyevu kabla haijashuka kifuani. Anayehema kwa mdomo wazi ameukosa ulinzi huo karibu wote.

Chembe kubwa hunaswa mdomoni na kooni, nazo ndizo zile tunazozitema zikiwa tope. Zilizo ndogo kuliko maikromita 10 hupenya hadi kwenye njia za hewa, na zilizo chini ya maikromita 2.5 hufika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70, kwa hiyo lile linalopenya ndani zaidi ndilo jicho lisiloweza kuliona. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa saa 24 wa chembe zilizo chini ya maikromita 10 usizidi maikrogramu 45 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Anayefuata gari kwenye barabara kavu kiasi cha kutoliona gurudumu la mwenzake aliye mbele hahitaji mashine kumwambia yuko wapi.

Hata hivyo, vumbi peke yake halielezi kwa nini kifua kinabana baada ya mtu kusimama na si katikati ya kazi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuhema kwa kasi hewa kavu hukausha ngozi laini ya ndani ya njia za hewa. Seli zake huachia kemikali, histamini ikiwa mojawapo, na misuli inayozizunguka njia hizo hujikaza. Vumbi huzidisha mwasho juu ya hapo. Kwa kawaida hali hiyo hufikia kilele chake ndani ya robo saa ya kwanza baada ya kusimama, kisha hulegea yenyewe katika muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Humpata mwenye pumu, na humpata pia asiyewahi kuambiwa ana pumu.

Mtazame kijana aliyepatwa nayo. Ameinama, viganja viko magotini, mabega yanapanda kila anapovuta pumzi, na anapoitoa unasikia mluzi mwembamba kutoka ndani ya kifua. Ukimwuliza swali anajibu neno moja moja. Baada ya saa moja na nusu anacheka na wenzake. Kesho yake anakwenda kwa daktari, anapuliza kwenye spirometa, mashine ya kupimia pumzi, akiwa amekaa ametulia, majibu yanatoka safi, anarudishwa nyumbani. Kipimo hicho hakikukosea. Kilifanywa tu wakati tatizo halipo. Kinachotakiwa ni apulize kabla, anyonge kwa nguvu dakika 6 hadi 8, kisha apulize tena mara kadhaa ndani ya nusu saa inayofuata. Kiasi cha hewa anachoweza kutoa katika sekunde ya kwanza kikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, jibu limepatikana. Ningependa kila mzazi na kila kocha ajue kuomba kipimo hicho kwa namna hiyo, kwa sababu nimeona jinsi jibu la "mapafu yako mazima" linavyomfanya kijana aamini kwamba ni mvivu.

Wapo pia ambao shida yao iko kooni wala haiko kifuani. Kwao nyuzi za sauti, au sehemu iliyo juu yake kidogo, hujifinya wakati wa jitihada kubwa. Mlio husikika wakati wa kuvuta hewa, mgonjwa huonyesha shingo badala ya kifua, na hali huisha dakika chache tu baada ya kupumzika. Dawa ya pumu haiwasaidii, na wengine huivuta miezi na miezi bila nafuu. Hawa hufundishwa namna ya kupumua.

Kuna imani nyingine inayonikera, kwamba mwenye pumu hafai kwa baiskeli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, ana pumu, na ameshinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinaruhusu salbutamol, dawa ya pumu, ya kuvuta, mradi isizidi maikrogramu 1600 kwa saa 24 na isipite 600 ndani ya saa 8 zozote. Lakini mtu asiazime inhela (kichupa cha kuvutia dawa) ya mwenzake akadhani amejitibu. Salbutamol hulegeza misuli iliyokaza na haiugusi uvimbe ulio chini yake, na ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mtu mzima au kijana balehe atibiwe kwa dawa hiyo peke yake.

Kuhusu leso mdomoni, ambayo naiona kila mahali: inazuia mchanga, basi. Vumbi laini hupita kwenye nyuzi za kitambaa na pembeni mwake. Barakoa za N95 au FFP2 huchuja kweli zikikaa sawasawa usoni, ila hulowa jasho na kubana pumzi mtu anaponyonga kwa nguvu, kwa hiyo zinafaa zaidi kwa mwendo wa taratibu. Kupasha mwili joto dakika 10 hadi 15, kwa kuchanganya mikimbio mifupi ya nguvu, huwakinga baadhi ya watu kwa saa moja au mbili zinazofuata. Na siku ya upepo na vumbi zito, mazoezi mazito yanaweza kuhamishiwa barabara ya lami au siku nyingine.

Waandaaji wa mbio nao wana wajibu, na kwao sina upole. Magari ya viongozi na pikipiki za wapiga picha hupita katikati ya msafara kwenye barabara kavu, na wanaolivuta vumbi lao ni walio nyuma, yaani watoto na wanaoanza. Magari hayo yanaweza kukaa mbali mbele au nyuma kabisa. Makundi yanaweza kuachiwa kwa kupishana. Sehemu ya kuanzia na ya kumalizia inaweza kumwagiwa maji, na mahali pa kumalizia awepo mhudumu wa afya anayejua kubanwa na kifua kukoje, akiwa na dawa mkononi. Mbio zisizoweza hata hayo ziahirishwe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha ratiba ya mbio za kiangazi, tengeni pembeni nafasi ya kutaja hali hizi: mtu asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi, midomo inayogeuka rangi ya bluu au kijivu, maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kukohoa damu, kuzimia, au inhela iliyovutwa kama daktari alivyoagiza na isilete nafuu. Aliye na mojawapo akalishwe wima, ila aliyezimia alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wako katika mchezo,
Mkufunzi wa waendesha baiskeli