Mjomba, usiuze zile PS

Shikamoo mjomba.

Aunti ameniambia kuna mtu wa Tunduma anataka zile PS (PlayStation, mashine za gemu) zote nne pamoja na televisheni zake, na kwamba mmeshafika kwenye kupatana bei. Naandika hapa hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Vijana wengi wa Mwanjelwa, Mafiati na Sai hapa Mbeya wamepita kwenye banda lako la gemu, na najua wengine watasoma. Nataka waone kuna mtu amekuomba waziwazi: usiuze.

Sababu yako naielewa. Siku hizi kila kijana ana gemu mfukoni. Akiwa na bando tu, anacheza na mtu wa Misri huku amejifunika blanketi kwao Uyole. Nani tena atoke na baridi ya Julai aje kulipa mia tatu kwa mechi? Mimi mwenyewe sehemu kubwa ya mechi zangu sasa ni za kwenye simu. Nilianza kukaa kwenye benchi lako enzi gemu la soka linaitwa PES, kabla wenye gemu, Konami, hawajalibadilisha jina kuwa eFootball mwaka 2021. Mtandaoni nimeanzia Divisheni ya 10, ya chini kabisa, kama kila mtu, nikapanda mpaka ya 1, na sasa nakutana na watu wanaocheza mashindano ya kweli. Wanaoniuliza nimefikaje huko nawajibu kwamba nimetokea bandani kwa mjomba, Mwanjelwa. Wanadhani nakwepa swali.

Mtandaoni mtu akikufunga anaondoka. Unabaki unaangalia matokeo kwenye kioo na pointi zilizokatwa, na hujui kakufungaje. Bandani aliyekufunga mmebanana naye benchi moja, na kwa kuwa aliyefungwa ndiye anayelipa na kuachia pedi ya kuchezea, lazima utake kujua. Unamuuliza, anakuambia. Asipokuambia yeye, atakuambia anayesubiri zamu.

Unakumbuka siku uliyosimama mlangoni unahesabu chenji, ukaniambia bila hata kugeuka, "Wewe ukibanwa katikati lazima utoe kulia. Humu ndani wote wameshakujua"? Hakuna takwimu ya kwenye simu iliyowahi kunipa kitu cha namna hiyo. Inakuonyesha umemiliki mpira kiasi gani na umepiga mashuti mangapi, lakini haikuambii kwamba unasomeka. Tangu siku ile nikawa naanzishia kushoto kwa makusudi, nafungwa, nalipa, narudi kwenye foleni, mpaka mguu wa kushoto ukawa na akili yake. Hadi leo kabla ya mechi kubwa narudia kuangalia mechi zangu za nyuma nikitafuta kitu kimoja tu: nikibanwa, mpira wa kwanza nautoa wapi.

Halafu kuna ile pedi ya pili. Raba ya analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwelekeza mchezaji, ilikuwa imelika, ukaifunga kipande cha tyubu ya baiskeli na kukaza kwa uzi mweusi. Ilikuwa nzito kugeuza. Aliyeishika alilazimika kuamua anaelekea wapi kabla mpira haujamfikia, la sivyo amechelewa. Waliokulia kwenye pedi ile nawatambua hata nikikutana nao mtandaoni bila kuona jina: mchezaji wao ameshageuza mwili wakati pasi bado iko njiani. Watu wanalipia mafunzo ya kitu hicho, mjomba.

Sasa nikueleze kuhusu mtandao wenyewe, maana kuna mambo ambayo aliye nje ya gemu hayaoni. Gemu la simu linachora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa kama milisekunde 16 hivi. Pingi yako, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi mtandaoni, ikiwa milisekunde 150, maana yake taarifa inarudi ukiwa umeshapitwa na picha tisa. Unabonyeza kukaba, beki wako anaingiza mguu, mpira ulishapita zamani. Na mtandao wa mpinzani nao unaingia kwenye mechi yako, hivyo hata ukiwa na bando zuri bado unacheza na bando la mtu mwingine. Hii haiondoki kwa kununua simu ya bei mbaya. Mwanga wenyewe ndani ya nyaya za faiba hauzidi kilomita laki mbili hivi kwa sekunde, na sisi tuko juu huku, mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam zinakotua nyaya za baharini.

Kwa hiyo kijana wa Mbeya anayecheza mtandaoni tu anajifunza vitu viwili kwa pamoja: soka na kuvumilia mtandao. Anazoea kubonyeza mapema ili afidie kuchelewa. Siku akiitwa kwenye mashindano ya kukaa ana kwa ana, mashine moja, televisheni moja, vidole vyake vinawahi kila kitu. Nimewaona wachezaji wazuri sana wakitolewa raundi ya kwanza kwa sababu hiyo, na inauma, kwa sababu uwezo wanao.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 unaikumbuka. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Kwenye simu hakuna mechi iliyokuwa inafunguka. Kufika saa tisa banda lako lilikuwa limejaa mpaka nje, watu wamekalia makreti ya soda, wengine sikuwa nimewaona tangu tumalize shule. Jioni ile dogo mmoja wa Iyunga, ambaye mtandaoni hakuwa hata karibu na divisheni za juu, alitutoa sote mmoja baada ya mwingine. Kwao mtandao ni mbovu, ndiyo maana hapandi. Bila nyaya zile kukatika tusingejua kwamba yupo.

Kuna kisa kimoja ambacho huwa nawasimulia wenzangu. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistani, anaitwa Arslan Ash, alikwenda Japani kwenye Evo, mashindano ya magemu ya kupigana, kucheza gemu la Tekken 7. Duniani karibu hakuna aliyemjua. Safari ilimtesa kwa viza na ndege, na bado akachukua ubingwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo akaenda Las Vegas, akachukua na Evo ya huko, fainali akimfunga Knee wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote wa gemu lile. Watu walitaka kujua katokea wapi. Alikuwa amekulia kwenye mabanda ya gemu ya Lahore, anafungwa na kufunga majirani zake. Baadaye Knee mwenyewe alifunga safari kwenda Pakistani kucheza na vijana wa huko.

Naomba ulifikirie hilo. Bingwa wa Korea, nchi yenye intaneti inayosifika dunia nzima, alikwenda kukaa na watu bandani.

Sisemi banda liwe wazi kutwa kama zamani. Kodi ya fremu imepanda na LUKU ya umeme haina huruma, hilo nalielewa vizuri. Nasema Ijumaa na Jumamosi jioni tu. Siku nyingine fundi wa simu anayetafuta nafasi pale Kabwe anaweza kutumia upande wa mbele na kuchangia kodi. Nimeshaongea naye na amekubali. Mashine mbili zinahitaji kusafishwa feni, hiyo nitaifanya mimi. Pedi mpya tutanunua mbili kwanza. Ile ya tyubu ibaki kama ilivyo, tafadhali, mtu asiiguse.

Tumechanga kodi ya miezi miwili ya mwanzo na hela iko kwa aunti, kwa sababu wewe ungeikataa. Dogo wa Iyunga amethibitisha atakuja, na vijana wa Mbalizi wanataka kuleta timu. Niambie tu Ijumaa saa ngapi nipitie kuchukua funguo.