Mama lishe, andikeni juu ya kifuniko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie mama lishe na baba lishe wa Dar es Salaam ombi dogo: andikeni kilichomo juu ya kifuniko. Mchana boda analeta ofisini mfuko wa maboksi ya foili, yote sura moja. Fungua hili, funga, fungua lile, hadi mwenye wali samaki apate chake, mchuzi nao umeshamwagika mezani.

Hiyo ni kero tu. Hatari ni karanga. Zikisagwa na kutiwa kwenye kisamvu cha nazi, kwa macho huzioni, na wapo watu ambao kijiko kimoja kinawavimbisha koo. Binti Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki mwaka 2016 kwa ufuta uliokuwa kwenye mkate bila kuandikwa. Tangu Oktoba 2021 sheria ya Uingereza inadai chakula kinachofungwa tayari dukani kiorodheshe vyote vilivyomo.

Mimi siombi sheria. Kifuniko ni karatasi nyeupe, maka peni inakubali: “KISAMVU, KARANGA.” Msiandike kwenye mfuko, maana ndio unaotupwa kwanza.

Mla mchana,
Kinondoni, Dar es Salaam