Kichochoro kikabidhiwe mtaro wake

Ndugu Mhariri,

Ukitangazwa mradi wa majitaka kwenye makazi yasiyopimwa, wakazi huitwa mkutanoni, husaini mahudhurio, hunywa soda, basi. Eti wameshirikishwa.

Karachi, Pakistani, waligawana kazi kweli. Katika mradi wa Orangi, eneo la makazi yasiyopimwa jijini humo, ulioanzishwa na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980, kila kichochoro cha nyumba 20 hadi 40 kilichagua msimamizi wake, kikachanga na kusimamia uchimbaji. Choo na bomba la kichochoroni vilikuwa juu ya wakazi. Bomba kuu na usafishaji wa majitaka vikabaki kwa serikali.

Kwetu mfano upo Vingunguti, Dar es Salaam, ambako mabomba membamba yamepitishwa vichochoroni hadi kwenye mabwawa ya majitaka ya hukohuko. Bomba la inchi 4 linatosha, na pasipopita gari, udongo wa sentimita 40 juu yake unatosha pia. Pa kuwa mkali ni kwenye mteremko: angalau sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani kichochoro cha mita 40 kishuke sentimita 20. Mafundi wengi huharibu hapa. Wanakadiria kwa macho, bomba linafanya tumbo, mchanga unatuama, na siku moja kinyesi kinaibukia kwenye choo cha jirani. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa, huonyesha usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, hivyo unamaliza ubishi wote kabla jembe halijagusa ardhi.

Chemba, yaani shimo la kukagulia na kuzibulia bomba, iwepo kila kona na kila maungio, na asijenge mtu jiko juu yake. Maji ya mapaa yasiingizwe humo. Masika yakija, yataingia na mchanga.

Fedha ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawaishi hapo. Makubaliano yaandikwe mapema: mwenye nyumba alipie maungio, mpangaji achangie uzibuaji kila mwezi, daftari lisomwe hadharani.

Mamlaka za maji nazo zitoe kipimo kimoja kabla ya mchango wa kwanza: kina cha bomba kuu pale kichochoro kitakapoungia. Kibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mtaro hupimwa kuanzia hapo kurudi juu, na bila kipimo hicho wakazi wanaweza kuchimba mita 40 wakafika chini ya bomba wanalotaka kumwagia.

Mdau wa majitaka,
Dar es Salaam